Wino Ukitoka, Ngozi Hubaki na Nini?

Mpaka mdogo kati ya Gisenyi, Rwanda, na Goma, Kongo, ule ambao watu wa pande zote mbili huuita Petite Barrière, huvukwa kwa miguu na maelfu ya watu kila siku. Wanapita na nyanya, unga, maziwa na vitenge, na katika mizigo hiyo polisi wa Rubavu, wilaya ya Gisenyi, wamekuwa wakikamata tena na tena chupa za mukorogo, vipodozi vya kujichubua vilivyopigwa marufuku Rwanda. Novemba 2018 Rais Paul Kagame aliitaka Wizara ya Afya na Polisi kulishughulikia jambo hilo haraka. Wiki chache baadaye maduka yalianza kupekuliwa, na maelfu ya bidhaa zenye haidrokwinoni na zebaki zikaondolewa sokoni. Magendo hayakuisha.

Anayetaka kufuta tatuu bila kwenda hospitali hujikuta kwenye soko hilohilo. Krimu nyingi zinazouzwa duniani kwa jina la kufuta tatuu zina viambato vilevile vya kujichubulia, au zina tindikali. Maelekezo yake hutolewa kwa mdomo, lebo haisomeki, na siku kidonda kinapoanza kutoa usaha muuzaji hapatikani.

Sababu za kutaka kufuta ni za kweli na hazistahili dharau. Kuna jina la mpenzi wa zamani mkononi mwa mtu anayekaribia kuoa. Kuna aliyeokoka na hataki tena mchoro aliochorwa akiwa na miaka 17. Kuna kazi pia: matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi la Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, na kijana aliyebakiza wiki tatu kabla ya usaili hushawishika na yeyote anayeahidi kuumaliza mchoro kwa siku 10. Leza ni ghali na si kifaa cha kila hospitali. Tindikali inapatikana kwa fundi wa betri. Hapo ndipo hatari inapoanza, na inafaa mtu aijue kabla ya kulipa hata faranga moja.

Wino umekaa wapi

Tabaka la juu la ngozi hujimenya na kujifanya upya kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Kama tatuu ingekaa hapo, ingetoka yenyewe. Sindano ya mchoraji huupeleka wino chini zaidi, kina cha milimita moja hadi mbili, kwenye tabaka lenye mishipa ya damu na ya fahamu. Huko seli za kinga huumeza kama zinavyomeza vijidudu, lakini haziwezi kuusaga. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli hizo zinapokufa huuachia wino, na seli changa huudaka palepale. Mchoro hudumu miaka 40 kwa kupokezana huko.

Leza hupitisha mwanga kwenye tabaka la juu na kuvunja punje za wino zilizo chini, kisha mwili wenyewe huondoa vumbi lake kidogo kidogo. Njia nyingine zote zinalazimika kuipasua ngozi ili kuufikia wino. Kwa hiyo krimu iliyo laini kiasi cha kutoidhuru ngozi haiufikii wino, na krimu inayoufikia imekwisha kuchoma kila kilicho juu yake. Anayesema dawa yake inaingia ndani bila kuacha alama anaahidi jambo ambalo umbile la ngozi haliruhusu.

Njia zinazotumika na zinachofanya

Kusugua kwa chumvi, jiwe au msasa ni njia kongwe. Aetius wa Amida, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 6, aliandika namna ya kufuta alama za mwilini kwa kuzichubua na kuzipaka dawa za kuunguza. Madaktari wa karne ya 20 nao waliijaribu chumvi, wakiwa na ganzi na vifaa safi, na wengi wakaiacha kwa sababu ya makovu. Nyumbani hakuna ganzi wala kipimo cha kina. Mtu husugua mpaka damu itoke, huona wino bado upo, husugua tena kesho yake juu ya kidonda kibichi, na kila mara huingiza uchafu zaidi.

Tindikali ni ya hatari zaidi, nayo si ya aina moja. Tindikali ya trikloroasetiki hutumiwa na madaktari wa ngozi kwa nguvu iliyopimwa, kwa kazi maalumu. Ile inayouzwa kwenye vichupa bila kipimo inaweza kuwa na nguvu ya kuchoma mpaka tabaka la ndani kwa dakika chache. Maji ya betri ni tindikali ya salfa, na hayajawahi kuwa dawa ya ngozi. Chokaa na magadi makali ya kuzibulia mabomba yamo upande wa pili, wa alkali, na wengi huyadhani mapole kwa kuwa maumivu yake huchelewa. Kinyume chake ndicho kweli: alkali huyeyusha nyama ya mwili na kuendelea kuzama muda mrefu baada ya kupakwa.

Kisha kuna sindano. Fundi hupita juu ya mchoro wa zamani na mashine ileile ya kuchorea, safari hii ikiwa na tindikali au maji ya chumvi, na kusema wino utatoka na kigaga. Wazo hili lina zaidi ya miaka 100: mwaka 1888 daktari Variot wa Paris alieleza namna ya kuchomachoma tatuu kwa tanini na kuipaka chumvi za fedha, mpaka ikafanya kigaga kikubwa kilichodondoka. Kilichodondoka kilikuwa ngozi iliyokufa, na penye ngozi iliyokufa hubaki kovu. Sindano huongeza hatari nyingine ya damu, ambayo itaelezwa mwishoni.

Krimu za haidrokwinoni hudanganya kwa namna ya pekee. Kemikali hiyo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Wino wa tatuu hauhusiani na rangi hiyo, kwa hiyo krimu huchubua ngozi inayouzunguka mchoro na kuufanya mchoro uonekane zaidi. Mtu akiona hivyo huongeza kipimo. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliripoti wagonjwa ambao ngozi yao iligeuka buluu yenye weusi na kukwaruza kwa vipele vidogo baada ya kutumia haidrokwinoni kali kwa muda mrefu. Hali hiyo ni ngumu mno kutibu, na nchi hiyo iliiondoa kemikali hiyo katika vipodozi mwaka 1990. Zebaki nayo hupenya ngozi na kuumiza figo, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyowekwa zebaki viondolewe kufikia 2025.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha krimu wala mafuta yoyote ya kufuta tatuu nyumbani. Mwezi Machi 2024 mamlaka hiyo ilitoa pia onyo kuhusu krimu za ganzi zenye lidokeini ya zaidi ya asilimia 4, zinazopakwa kabla ya kuchora tatuu au kuondoa nywele, kwa kuwa ikipakwa eneo kubwa au kufunikwa kwa nailoni huingia kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kuleta degedege. Ni muhimu kulijua hili, maana ndiyo krimu ambayo fundi wa mtaani hutoa akimwambia mteja kwamba hatasikia chochote.

Ngozi nyeusi na keloidi

Kovu la kawaida hukaa ndani ya mipaka ya kidonda. Keloidi huvuka mipaka hiyo, huvimba, huwasha, na inaweza kuendelea kukua kwa miaka. Ngozi nyeusi huipata kwa wingi zaidi. Vitabu vya tiba hunukuu mara kwa mara takwimu mbili zinazotofautiana sana: asilimia 16 ya watu wazima waliochunguzwa Zaire, yaani Kongo ya leo, na asilimia 0.09 Uingereza. Kwa wakazi wa Rubavu, Zaire hiyo iko ng'ambo ya barabara. Sehemu zilizo rahisi kushikwa ni kifua, mabega, mgongo wa juu, taya na ndewe za masikio, na kifua na mabega ndiko watu wengi huchora.

Kuna namna rahisi ya kujipima. Mtu aangalie kovu la chanjo ya kifua kikuu aliyopigwa utotoni, tundu la hereni, au alama ya upasuaji. Ikiwa mojawapo limevimba na kutanuka, au mzazi au ndugu wa tumbo moja ana keloidi, njia yoyote ya kuchubua au kuunguza iachwe kabisa.

Hata pasipo keloidi, rangi hubadilika. Baadhi ya ngozi iliyoungua hurudi ikiwa nyeusi zaidi, na hiyo hufifia kwa miezi kadhaa. Ikiungua kwa kina, seli zinazotengeneza rangi hufa na mahali hapo hubaki peupe. Kwa kuwa fundi hufuata mistari ya mchoro, kovu huchukua umbo la mchoro wenyewe. Jina lililoandikwa kwa wino wa buluu husomeka sasa kwa herufi nyeupe zilizovimba, na aliyekuwa anaogopa ukaguzi wa mwili kazini anaingia kwenye chumba cha daktari akiwa na kovu la kuungua.

Njia zilizo salama zaidi

Ipo njia isiyo ya leza ambayo madaktari wanaikubali: kuikata tatuu na kushona. Inafaa mchoro mdogo, mahali ambapo ngozi ina nafasi ya kuvutika, na matokeo yake ni kovu la mstari mmoja. Mchoro mkubwa unaweza kukatwa kwa awamu. Kazi hii ni ya daktari wa upasuaji, chini ya ganzi ya sindano, katika chumba safi. Kwa wakazi wa Rubavu, mahali pa kuanzia kuuliza ni Hospitali ya Gisenyi, na madaktari bingwa wa ngozi na wa upasuaji wa urekebishaji wapo Kigali. Mwenye historia ya keloidi aiseme mapema, kwa kuwa hata mshono huo unaweza kuvimba.

Leza nayo inataka uangalifu. Kwa ngozi nyeusi, inayopendekezwa ni ile ya aina ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, kwa kuwa hupita kwenye rangi ya asili bila kuiunguza sana. Vipindi huwa vingi, mara nyingi zaidi ya 6, vikitenganishwa kwa wiki 6 hadi 8. Anayeahidi kumaliza kwa mara moja hajui kazi au anadanganya. Mashine za mwanga za kuondolea nywele saluni si leza, na juu ya tatuu huunguza vibaya. Ujerumani iliona uzito wa jambo hili: tangu mwisho wa Desemba 2020 sheria yake inaruhusu madaktari peke yao kufuta tatuu kwa leza.

Anayefikiria njia yoyote na aulize maswali machache kabla ya kuvua shati. Ni kemikali gani, na nguvu yake ni asilimia ngapi? Jina lililoandikwa kwenye chupa ni lipi, na nani aliisajili? Sindano inafunguliwa mbele ya mteja? Kuna picha za ngozi nyeusi zilizopigwa mwaka mmoja baada ya kazi, badala ya wiki moja? Kidonda kikiharibika usiku, anapigiwa nani? Mtu asiyeweza kujibu hayo asipewe ngozi ya mtu.

Wakati huohuo, kufunika si kushindwa. Mikono mirefu, kitambaa cha kifundo cha mkono, vipodozi vya kufunikia, au mchoro mpya juu ya ule wa zamani kwa mchoraji msafi, humpa mtu muda wa kukusanya fedha za tiba ya kweli.

Ikiwa tayari ameungua

Dakika za kwanza zina uzito zaidi kuliko dawa zote zitakazofuata. Kama ni chokaa kavu, ipanguswe kwanza kwa kitambaa kikavu. Baada ya hapo maji safi yanayotiririka, angalau dakika 20, yakielekezwa yasimwagikie ngozi isiyoungua. Pete, bangili na nguo zilizolowa kemikali zitolewe. Tindikali isitulizwe kwa magadi wala alkali kwa limau, kwa kuwa mchanganyiko huo huzalisha joto na kuongeza jeraha. Dawa ya meno, siagi, samli, majivu na asali ya mtaani havina kazi hapa. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mtu aende kutibiwa akiwa na chupa yenyewe mkononi. Namba ya gari la wagonjwa Rwanda ni 912.

Ngozi iliyoungua ikawa nyeupe au ngumu kama kigozi cha ngoma, tena haiumi, ndiyo iliyoungua zaidi. Maumivu yametoweka kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa. Jeraha la namna hiyo, au lolote lililo usoni, kwenye kiungo, sehemu za siri, au lililozunguka mkono mzima, halisubiri asubuhi. Kwa jeraha dogo, mwenye mituweli, bima ya afya ya jamii, aanzie kituo cha afya cha kwao, kisha apewe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Aseme ukweli kuhusu alichopaka. Muuguzi anayedhani ameungua kwa uji atatibu kitu kingine.

Aulize pia sindano ya pepopunda. Jeraha la msasa au la kisu cha moto ni jeraha chafu, na watu wazima wengi, wanaume hasa, hawakumbuki mara ya mwisho walipochanjwa.

Katika wiki zinazofuata, kidonda kioshwe kila siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kipakwe vaselini, na kufunikwa kwa bandeji isiyogandamana. Kukiacha kikauke juani huchelewesha kupona. Kukimwagia unga wa vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili ni tabia iliyoenea Afrika Mashariki na haifai: dawa hiyo haifiki inakotakiwa, na inaweza kuzua mzio. Kigaga kisibanduliwe, hata kama fundi alisema wino umo ndani yake. Wekundu au weusi unaotanuka, joto, harufu, usaha, mstari unaopanda kuelekea kwapani, au homa, ni dalili za kurudi kituoni siku hiyohiyo.

Gisenyi ina vishawishi vyake. Ufuko wa Kivu uko karibu, lakini maji ya ziwa yana bakteria, na kidonda kilicho wazi kisiingizwe humo mpaka ngozi ifunge. Vivyo hivyo kwa amashyuza, chemchemi za maji moto za Nyamyumba karibu na kiwanda cha bia, ambako wengi huenda kutafuta nafuu ya ngozi. Ngozi iliyopoteza hisia haitambui moto, na mtu anaweza kuungua mara ya pili bila kujua. Jua la mji huu nalo ni kali kuliko linavyohisiwa: Gisenyi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, na upepo wa ziwa huficha joto. Kovu jipya likipigwa na jua hubaki na weusi kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo lifunikwe kwa nguo mwaka wote wa kwanza. Kwa chakula, isambaza (samaki wadogo wa Kivu), mayai na maharagwe vitaujengea mwili nyama mpya. Sigara huchelewesha kazi hiyo.

Kovu huchukua miezi 12 hadi 18 kukomaa, na subira hapo ni tiba. Mara ngozi inapofunga, kubandika karatasi laini za silikoni saa 12 au zaidi kila siku kwa miezi kadhaa husaidia kovu lisivimbe. Keloidi iliyokwisha kuota hutibiwa kwa sindano za triamsinoloni zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Kuikata peke yake bila tiba nyingine ni kosa kubwa, kwani katika tafiti mbalimbali hurudi kwa asilimia 45 hadi 100 ya wagonjwa, mara nyingi ikiwa kubwa zaidi. Kovu lililo juu ya kiwiko au kifundo linyooshwe kila siku kwa mazoezi, lisije likakikunja kiungo. Na mabaka yatakayobaki yasipakwe mukorogo ili kuyasawazisha.

Jambo la mwisho humhusu kila aliyechomwa kwa sindano au wembe asioujua ulikotoka, hata kama kidonda kimepona vizuri. Kama ni chini ya saa 72, aende mara moja kituo cha afya aulizie dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, zinazomezwa kwa siku 28. Kama muda huo umepita, apime VVU sasa na arudie baada ya miezi mitatu, na aombe kupimwa homa ya ini ya B na C. Rwanda ilitangaza mpango wa kutokomeza homa ya ini ya C Desemba 2018, na aliyekutwa nayo hutibiwa kwa vidonge, kwa kawaida wiki 12, na wengi sana hupona kabisa. Aliyekutwa hana aina ya B hupewa chanjo.